Keki Ndogo za Cookie Monster kwa Sherehe ya Mtoto: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ni yale yale kila sherehe ya mtoto inapokaribia. Mbona aisingi yangu ya buluu imegeuka kijani? Manyoya yanatengenezwaje kama sina nozo maalumu (ule mdomo wa kubonyezea aisingi)? Oveni sina, mkaa utafaa? Macho yanateleza hadi mashavuni, nifanyeje? Majibu yote nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili hata anayeoka kwa mara ya kwanza aanze leo jioni na kesho mchana awe na keki kumi na mbili ambazo mtoto akiziona atalitaja jina la mhusika kabla hujamwambia.

Hilo la kutambulika ndilo ninalolisisitiza. Keki hizi hazidai mkono wa fundi. Zinadai mambo matatu: buluu iwe buluu kweli, macho yasikubaliane, na biskuti iwe mdomoni. Ukiyapata hayo, mkono usiozoea unakuwa msaada, maana mhusika mwenyewe ni wa manyoya yaliyotimka na makombo kila mahali. Wanaomharibu ni wanaong'ang'ania unadhifu. Hulainisha aisingi kwa kisu hadi ing'ae, wakapanga macho sambamba kwa rula, na kinachotoka ni mpira wa buluu wenye macho.

MTAZAME KWANZA

Fungua picha yake kwenye simu, iache mezani muda wote wa kazi. Cookie Monster ni kikaragosi cha kipindi cha watoto cha Marekani, Sesame Street, kilichoanza kurushwa Novemba 10, 1969. (Tanzania ilipata toleo lake, Kilimani Sesame, kwa hiyo ukoo huu wa vikaragosi si mgeni kwetu.) Jim Henson, mtengenezaji wa vikaragosi hivi, alikuwa na zimwi wa namna hii tangu 1966, alipomtengeneza kwa ajili ya tangazo la vitafunwa. Zimwi yule wa kwanza alikuwa na meno. Huyu tunayemjua hana.

Na hapo ndipo penye faida kwako jikoni. Cookie Monster hana meno, hana pua, wala masikio hayaonekani. Ana manyoya ya buluu, macho mawili makubwa yaliyokaa juu ya kichwa, na mdomo mpana mweusi. Basi. Kila unachomwongezea kinamwondoa kwenye sura yake. Kosa linalojirudia kuliko yote ni pua: ukimbandikia pua ya waridi, watoto watakwambia umemtengeneza Grover, yule mwenzake wa buluu mwembamba. Na watakuwa wamesema kweli.

MAHITAJI

Soma orodha yote kabla ya kwenda dukani. Anayekatisha kazi kwenda kutafuta rangi huku unga umeshachanganywa atapata keki ngumu, kwa sababu bekingi pauda huanza kazi mara tu inapokutana na majimaji.

Kwa keki 12:
- Unga wa ngano gramu 180 (kama kikombe kimoja na nusu)
- Sukari gramu 150 (robo tatu ya kikombe)
- Siagi au majarini gramu 120 (nusu kikombe)
- Mayai 2
- Maziwa mililita 120 (nusu kikombe)
- Bekingi pauda kijiko cha chai kimoja na nusu
- Vanila kijiko cha chai kimoja, na chumvi kidogo sana

Kwa biskuti ndogo, karibu 40:
- Siagi gramu 115
- Sukari ya kahawia gramu 100 na sukari nyeupe gramu 50
- Yai 1
- Unga wa ngano gramu 180
- Bikabonati nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai
- Chokoleti nyeusi ya ubao gramu 150, ikatwekatwe vipande vidogo

Kwa aisingi na manyoya:
- Siagi gramu 125, ile iliyo nyeupe kuliko zote dukani
- Mafuta meupe ya kuganda, yasiyo na harufu, gramu 125
- Sukari ya unga gramu 500
- Maziwa kijiko cha chakula kimoja au viwili
- Rangi ya chakula ya buluu, ya jeli
- Rangi ya zambarau, tone moja tu (nitaeleza sababu)
- Nazi kavu iliyokunwa gramu 150
- Kakao vijiko vya chakula viwili kwa ajili ya mdomo

Kwa macho: chokoleti nyeupe gramu 100, na vipande 24 vya chokoleti nyeusi.

Vyombo: bakuli mbili, mchapo au mashine ya mkono, bati la keki ndogo lenye matundu 12, vikombe vya karatasi, bati bapa la biskuti, karatasi ya kuokea, kisu kidogo chenye makali, na mfuko safi wa plastiki wenye zipu.

Neno moja kuhusu rangi. Dukani utakuta ya maji, ya unga na ya jeli. Ya maji ni rahisi lakini ni hafifu: ili upate buluu iliyokolea utamimina nyingi hadi aisingi iwe uji. Ya jeli ndiyo ninayokushauri uinunue hata kama ni ghali kidogo, kwani kichupa kimoja kitakuvusha sherehe nyingi. Ukikosa jeli chukua ya unga, uiyeyushe kwanza kwa matone machache ya maji, vinginevyo utapata vidoadoa. Na iwe rangi iliyoandikwa wazi kuwa ni ya chakula. Rangi ya kupaka mikeka na ukili haiingii hapa, hata muuzaji akuapie.

HATUA

1. Tengeneza aisingi, uitie rangi, uilaze.

Anza na hii, usiku wa kuamkia sherehe. Piga siagi peke yake kwa mashine dakika tano hadi saba. Utaona inapauka kutoka manjano kwenda nyeupe kadiri hewa inavyoingia. Ongeza mafuta meupe, piga tena dakika mbili. Chekecha sukari ya unga, uiingize kwa mafungu matatu, mwendo wa polepole kwanza usije ukajaza jiko vumbi. Maziwa yaje mwisho, kijiko kimoja, na cha pili kama tu aisingi ni ngumu mno.

Kabla ya kutia rangi, chota vijiko vinne vya chakula uweke pembeni, hii nyeupe utaitumia kubandikia macho na kutengenezea mdomo.

Sasa sikiliza kuhusu kijani, maana hili ndilo swali linaloongoza. Majarini nyingi za madukani ni za manjano, na manjano ikikutana na buluu inatoa kijani. Hakuna ufundi wa mkono utakaozuia hilo. Ndiyo maana nimesema siagi nyeupe, ipigwe hadi ipauke, na nusu yake iwe mafuta meupe. Ikiwa bado unaona umanjano kwa mbali, chovya kijiti kwenye rangi ya zambarau, ukiguse aisingi mara moja tu, koroga. Zambarau inaumeza umanjano. Kisha tia buluu, kidogo kidogo kwa ncha ya kijiti.

Acha kutia rangi wakati bado inaonekana hafifu kidogo kuliko unavyotaka. Funika, weka kwenye friji hadi kesho. Rangi huendelea kukolea ikilala, na asubuhi utakuta buluu imeiva yenyewe. Anayelazimisha ikolee papo hapo huishia kumimina rangi hadi aisingi iwe chungu, na kuacha ndimi za watoto zikiwa buluu siku nzima.

2. Tia nazi rangi.

Manyoya ndiyo yanayowatisha wengi, na hapa sisi wa pwani tuna njia nyepesi kuliko zote: nazi. Weka nazi kavu iliyokunwa kwenye mfuko wa zipu. Changanya rangi ya buluu na kijiko cha chai kimoja cha maji, mimina humo, funga, kisha sugua na kutikisa mfuko hadi kila chembe ipate rangi. Itandaze kwenye sinia ikauke kwa saa chache, au uiache usiku kucha ikiwa imefunikwa kitambaa chepesi.

Nazi mbichi ya kukuna nyumbani inafaa pia, kwa sharti moja: usiitumie na tui lake. Ikune bila kufika kwenye ganda la kahawia, kamua tui upikie wali, kisha chukua machicha uyakaushe kwenye oveni ya moto mdogo sana au kwenye kikaango kikavu, ukigeuza bila kuacha, mpaka yawe makavu lakini hayajabadilika rangi. Machicha yaliyokaushwa hushika rangi vizuri kwa sababu mafuta yake mengi yameshatoka. Yakibaki na unyevu yatachacha kabla ya sherehe kwisha, kwa hiyo hapo usifanye haraka.

Nazi moja iwe imekolea na nyingine hafifu? Iache hivyo. Manyoya halisi hayana rangi moja.

3. Oka biskuti.

Washa oveni nyuzijoto 180. Piga siagi na sukari zote mbili hadi zilainike, tia yai na vanila kama unayo ya ziada, kisha unga uliochanganywa na bikabonati na chumvi. Koroga kwa mwiko, acha mara tu unga mkavu unapopotea. Mwisho chokoleti. Weka donge kwenye friji nusu saa. Hatua hii usiiruke, ndiyo inayozuia biskuti zisitambae na kuwa chapati.

Chota vidonge vidogo vya gramu 15 hivi, viviringe, vipange kwa nafasi. Oka dakika 8 hadi 10. Zitoe pembeni zikiwa zimeshaanza kuwa kahawia na katikati bado zinaonekana laini. Zitakomaa zenyewe juu ya bati. Unataka upana wa sentimita tano au pungufu. Kubwa kuliko hapo itapasua keki.

Wengine huniuliza kama wanaweza kutumia kichocheo cha biskuti "halisi" za kwenye kipindi. Hapana, tafadhali. Biskuti anazotafuna Cookie Monster kwenye runinga hutengenezwa kwa ajili ya kamera: nyepesi, zinazovunjika kirahisi, bila mafuta, kwa sababu mafuta huharibu manyoya ya kikaragosi ambacho ni kazi ya mkono na cha gharama. Hata vile vinavyoonekana kama vipande vya chokoleti ni gundi ya moto iliyotiwa rangi. Zinafaa mdomo wa kitambaa, si wa mtoto. Oka za kuliwa.

4. Oka keki.

Oveni ibaki nyuzijoto 180. Panga vikombe vya karatasi kwenye bati. Piga siagi na sukari hadi ziwe laini na nyeupe kiasi, tia mayai moja moja, kisha vanila. Chekecha unga, bekingi pauda na chumvi, uingize kwa zamu na maziwa: unga, maziwa, unga, maziwa, unga. Jaza kila kikombe theluthi mbili tu. Oka dakika 18 hadi 20. Choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, zimeiva.

Kwenye keki yenyewe majarini ya manjano haina shida. Usitie rangi ya buluu ndani ya keki. Viini vya mayai ni vya manjano na utarudi kwenye kijani kile kile, tena safari hii hakirekebishiki.

Kwa wasio na oveni: mkaa unafaa kabisa, na keki nyingi tulizokulia zilipikwa hivyo. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko bapa, weka mchanga mkavu au vijiwe chini, halafu kibati chako juu yake kisiguse kitako cha sufuria. Funika, pasha dakika 15 kabla ya kuingiza keki. Kanuni ya moto ni hii: mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi, keki zinaungua kitako wakati katikati bado ni uji. Tumia vikombe vya karatasi viwili viwili, cha ndani na cha nje, usifunue mfuniko kabla ya dakika 18, na tegemea zitachukua dakika 20 hadi 25. Kama sufuria inaingiza keki sita tu, gawanya mseto mara mbili kabla ya kutia bekingi pauda na maziwa, ili fungu la pili lisikae likisubiri.

5. Zipoze kabisa.

Kabisa maana yake kabisa. Gusa kitako cha kikombe. Ikiwa bado kuna uvuguvugu, subiri. Saa moja ni kiasi cha kawaida, na kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam wakati wa kaskazi inaweza kuzidi. Aisingi ikikaa juu ya keki ya moto inayeyuka na kuteremka na kila kitu ulichokiweka juu yake.

6. Tengeneza macho.

Yafanye wakati keki zinapoa. Yeyusha chokoleti nyeupe juu ya mvuke, bakuli lisiguse maji na tone la maji lisiingie ndani, vinginevyo chokoleti itagoma na kuganda vibonge. Dondosha matone 24 juu ya karatasi ya kuokea, kila moja upana wa sentimita mbili au chini kidogo. Kabla hayajakauka, weka kipande cha chokoleti nyeusi kwenye kila tone.

Lakini usikiweke katikati! Hapa ndipo uhai wa keki ulipo. Mboni za Cookie Monster hutembea ovyo ndani ya macho yake kila anapotikisa kichwa, kwa hiyo karibu kila unapomtazama jicho moja linaangalia juu na lingine pembeni. Kwenye matone 12 sogeza mboni juu, kwenye mengine 12 isogeze chini au upande. Utakapobandika, chukua moja la huku na moja la kule. Hili tu linatosha kumtofautisha na zimwi jingine lolote la buluu.

Chokoleti nyeupe imekosekana? Tumia fondanti nyeupe (sukari laini ya kufinyanga) iliyoviringwa na kubonyezwa. Shanga, vifungo na yale macho ya plastiki ya vibandiko usiyaweke kwenye keki ya watoto hata kwa mapambo. Mtoto mdogo haangalii kabla ya kumeza.

7. Kata mdomo.

Shika keki iliyopoa. Kwenye theluthi ya mbele, ingiza kisu kwa mshazari kuelekea katikati, kina cha sentimita mbili, upana karibu wa keki nzima. Kata mstari wa pili chini yake kidogo uondoe kipande chembamba. Kipande hicho usikitupe, makombo yake yana kazi. Ufa ukiwa mwembamba mno biskuti haitaingia, ukiwa mpana mno haitashika. Ijaribu biskuti moja kwanza kisha ukate zote kwa kipimo hicho.

Chukua nusu ya aisingi nyeupe uliyoihifadhi, changanya na kakao hadi iwe nyeusi kiasi, upake ndani ya ufa kwa ncha ya kisu.

8. Vika manyoya.

Toa aisingi ya buluu kwenye friji nusu saa kabla, uikoroge irudi ulaini. Paka juu ya keki kwa kijiko, unene wa sentimita moja, ukiacha ufa wazi. Ijaze zaidi kwa nyuma ili kichwa kiinuke. Papo hapo, kabla aisingi haijaota ngozi, geuza keki kichwa chini na uigandamize kwenye sinia la nazi ya buluu, ukiviringisha taratibu. Palipobaki wazi, bonyeza nazi kwa vidole.

Paka moja, vika moja. Ukizipaka zote 12 kwanza, ya mwisho itakuta aisingi imekauka na nazi itadondoka kila ukigusa. Hii ndiyo hatua ya kuwapa watoto. Mikono yao midogo inafanya manyoya yaliyotimka vizuri kuliko yetu.

Wasiopenda nazi, au wenye mgeni ambaye haimpatani, watumie uma: bonyeza meno ya uma kwenye aisingi na kuvuta juu, tena na tena, kila upande. Mwenye nozo ya nyasi, ile yenye matundu madogo mengi, abonyeze na kuvuta fupi fupi kuanzia ukingoni kwenda juu. Inapendeza sana, ila inakula aisingi. Ongeza nusu ya kipimo.

9. Bandika macho.

Tone la aisingi nyeupe nyuma ya kila jicho, kisha yabandike karibu na kilele, yakigusana, nusu yake ikitokeza juu ya kichwa. Wanaoanza huyashusha hadi katikati ya uso kwa sababu macho ya binadamu yako hapo. Huyu si binadamu. Macho yakishuka, anazeeka.

10. Mpe biskuti.

Ng'ata biskuti kidogo (au uimege kwa vidole kama una wageni wa adabu zaidi), ingiza upande usiong'atwa ndani ya ufa hadi nusu yake ibaki nje. Kisha ponda biskuti mbili tatu pamoja na vile vipande vya keki ulivyokata, unyunyize makombo chini ya mdomo na kwenye sahani. Usione ni uchafu. Tangu enzi za Frank Oz, aliyempa sauti na mkono kwa miaka mingi, hadi David Rudman aliyemchukua mwaka 2001, Cookie Monster anakula kwa kuvunja, na sehemu kubwa ya biskuti huruka nje. Keki yake isiyo na makombo ni kama haijamalizika.

Biskuti iingie mwisho, saa moja kabla ya kuandaa meza au chini ya hapo. Ikilala ndani ya keki inanyonya unyevu na kulegea.

MATATIZO NA DAWA YAKE

Aisingi imekuwa kijani. Kama ni kwa mbali, zambarau kidogo kwa ncha ya kijiti, halafu buluu tena. Kama ni kijani cha majani, usiihangaikie. Itumie kwa keki nyingine na upige mpya kwa mafuta meupe matupu. Unaweza pia kuifunika yote kwa nazi ya buluu iliyojaa, na kwa mbali hakuna atakayejua.

Buluu imekuwa ya kijivu. Umezidisha zambarau. Ongeza aisingi nyeupe, kisha buluu.

Aisingi inatiririka. Joto, au rangi ya maji imezidi. Rudisha bakuli kwenye friji dakika 20, piga tena. Ikiwa bado, ongeza sukari ya unga kijiko kimoja kimoja. Siagi huanza kulainika mapema sana kwenye joto letu na karibu nyuzijoto 32 inayeyuka, wakati mafuta meupe yanavumilia zaidi. Kwa sherehe ya nje, uani, badilisha kipimo kiwe robo siagi na robo tatu mafuta.

Macho yanateleza. Aisingi yako ni laini mno au macho ni mazito. Weka keki kwenye friji dakika kumi kabla ya kubandika, na kama jicho limezidi sentimita mbili, tengeneza dogo zaidi. Usilishikize kwa kijiti cha meno. Mtoto atang'ata.

Keki zimebonyea katikati. Oveni ilifunguliwa mapema au vikombe vilijazwa kupita kiasi. Shimo si msiba: lijaze makombo na aisingi, kichwa kitasimama.

Biskuti zimetambaa. Donge halikupata baridi, au bati lilikuwa bado la moto kutoka fungu la kwanza. Zikiwa bado na moto zikate kwa mdomo wa glasi ndogo zipate duara unalotaka.

Biskuti inadondoka mdomoni. Ufa mpana. Paka aisingi ya kakao nene juu na chini ya biskuti, iachie dakika tano kwenye friji.

Ndimi zimekuwa buluu. Itaondoka yenyewe, maji na kipande cha embe au nanasi husaidia. Mara nyingine tumia rangi kidogo na uipe muda wa kulala.

"Mwanangu atakula ngapi?" Moja. Ni keki yenye aisingi nene pamoja na biskuti, sukari ni nyingi. Na mhusika mwenyewe yuko upande wako: tangu 2005 kipindi kimekuwa kikimfundisha kwamba biskuti ni chakula cha mara moja moja, na baadaye akaonekana akipika kwenye gari la chakula na mwenzake Gonger, wakieleza matunda na mboga zinatoka wapi. Panga matunda yaliyokatwa pembeni ya sahani ya keki, na uwaambie watoto ni ya Cookie Monster pia. Wanayala.

"Naweza kuziuza?" Kuoka nyumbani kwa mwanao ni jambo moja, kufanya biashara ni jingine. Jina na sura ya Cookie Monster ni mali ya Sesame Workshop, shirika linalotengeneza kipindi, na anayetaka kuviweka kwenye matangazo na bidhaa za kuuza anahitaji kibali chao.

"Nizibebeje hadi shuleni?" Kwenye boksi refu kuliko keki kwa sentimita tatu angalau, kila kikombe kikibanwa na mwenzake au kwa karatasi zilizokunjwa kati yao. Biskuti zifunge mbali, uziingize mkifika. Mwulize mwalimu mapema kama kuna mtoto asiyepatana na mayai, maziwa, ngano au nazi.

Zinakaa siku mbili kwenye friji ndani ya chombo kilichofunikwa, bila biskuti. Zitoe nusu saa kabla ya kula ili aisingi ilainike. Keki tupu, bila aisingi, unaweza kuzigandisha kwa mwezi mmoja, na donge la biskuti vivyo hivyo. Kwa hiyo kama sherehe iko mbali, oka sasa na uache manyoya na macho kwa siku yenyewe.